Amesoma sawasawa, amemeza vibaya: kisa cha bahasha moja ya dawa katika darasa la kisomo

Darasa tunalolichambua ni la mfano. Limejengwa kwa mambo yanayojirudia popote watu wazima wanapojifunza kusoma na kuhesabu, ili kosa moja liweze kufuatwa kutoka linapozaliwa hadi linaporekebishwa. Lina wanakisomo 16, wanaokutana jioni tatu kwa wiki, dakika 90 kila kipindi. Silabi wamezimaliza, sentensi fupi wanazisoma, kujumlisha na kutoa namba za tarakimu mbili hakuwasumbui tena, na karibu nusu yao wameanza kuzidisha. Ukilitazama kwa daftari la mwalimu, hili ni darasa lililofanikiwa.

Jioni moja mama mmoja wa makamo anaingia na bahasha ndogo ya dawa. Imeandikwa kwa kalamu: 2 x 3, kila saa 8, siku 5, baada ya chakula. Alihesabiwa vidonge 30. Siku tano zimekwisha jana, na bado vimo 10.

“Mama, hebu nisomee,” mwalimu anamwambia.

“Mbili… hii alama… tatu. Kila saa nane. Siku tano. Baada ya chakula.”

“Sasa ulikuwa unamezaje?”

“Viwili saa nane mchana, viwili saa nane usiku. Nilitega kengele ya simu, mwalimu. Sikuruka hata siku moja.”

Vidonge 4 kwa siku, kwa siku 5, ni 20. Vile 10 havikubaki kwa kusahau. Vilibaki kwa sababu alifuata barabara kile alichokielewa. Hapo kijana anayeongoza kwa hesabu anadakia kutoka nyuma: “Mbili mara tatu ni sita. Ulitakiwa umeze sita, mama.” Angekuwa yeye mgonjwa, angemeza 6 saa nane mchana na 6 saa nane usiku, na bahasha ingekuwa tupu mchana wa siku ya tatu.

Aliyeandika alikusudia vidonge viwili kwa mara moja, mara tatu ndani ya saa 24, hadi vyote 30 viishe. Kwa hiyo mwanakisomo anayesuasua amepunguza dozi kwa theluthi, na mwanakisomo hodari angeizidisha: kiasi cha siku mara mbili, na kiasi cha kumeza kwa mara moja mara tatu. Hili la pili ndilo lililotufanya tukichague kisa hiki. Hesabu aliyoisomea darasani ndiyo ingemdhuru.

Kabla ya somo

Mwalimu hakumwambia mama avimalize vile 10, wala avitupe. Alimwomba arudi na bahasha yake pale alipopewa dawa, aeleze alivyomeza na kwa siku ngapi, kisha asikilize atakachoambiwa. Mpaka huu usilegezwe. Mwalimu wa kisomo hufundisha kuelewa maelekezo, hafundishi tiba, na darasa likishazoea kumuuliza “nimeze au nisimeze?” atajikuta anajibu siku moja ambayo hakupaswa kujibu.

Jambo la pili alilofanya ni kutomsahihisha kijana mbele ya wenzake. Alisema tu, “Sita imo humu, lakini haipo hapo ulipoiweka. Tutaitafuta.” Mtu mzima akiaibishwa leo, kesho hatafungua mdomo, na dawa ataimeza anavyojua yeye.

Kosa liko wapi hasa

Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uliofanyika Marekani kwa wagonjwa 395 katika kliniki za miji mitatu. Lebo mojawapo ya dawa waliyoonyeshwa iliagiza vidonge viwili mara mbili kwa siku. Miongoni mwa wenye uwezo mdogo wa kusoma, asilimia 70.7 waliweza kuyasema maelekezo hayo kwa usahihi. Walipopewa vidonge waonyeshe vya siku nzima ni vingapi, waliopata ni asilimia 34.7. Mama wetu yumo katika pengo hilo kati ya kusema na kuonyesha, na mitihani mingi ya kisomo huishia kwenye kusema.

Kwa Kiswahili pengo hili hujificha zaidi kuliko katika lugha nyingi. Maandishi yetu husomwa kama yalivyoandikwa, hivyo mtu aliyezijua silabi anaweza kutamka sentensi nzima bila kigugumizi na asiwe ameikamata hata kidogo. Mwalimu anasikia sauti nzuri, anaweka alama ya vema. Sauti haimwambii kitu juu ya kilichobaki kichwani.

Ukiichambua ile bahasha neno kwa neno, pamoja na yanayoizunguka, mitego minne inaonekana.

Wa kwanza ni alama ya x. Darasani inasomwa “mara”, na 2 mara 3 ni sita. Kwenye bahasha nayo inasomwa “mara”, ila maana yake ni vipindi: viwili, halafu viwili tena, halafu viwili tena. Sita ya kijana ni sahihi kwa siku nzima. Alichokosea ni kuikusanya kwenye kiganja kimoja.

Wa pili, na ndio mkubwa, ni “kila saa 8”. Saa nane ni wakati katika siku, na saa nane pia ni urefu wa muda. Mwandishi alimaanisha muda, mama akaelewa wakati, na siku ina saa nane mbili. Watu katika maongezi wamekwisha kujitengenezea dawa ya utata huu: husema “saa nane” wakitaja wakati na “masaa manane” wakitaja muda. Wasahihishaji wa lugha hulifuta hilo “masaa” kila wanapoliona. Darasani tunashauri waliache. Andika “kila baada ya muda wa saa 8” ukitaka usanifu, lakini mwanakisomo akisema “masaa manane” amekuonyesha kwamba ameelewa, na huo si wakati wa kumrekebisha ngeli.

Mtego wa tatu haukuwa kwenye bahasha hii lakini upo kwenye nyingi: “kutwa mara 3”. Kutwa ni mchana, tangu jua linapotoka hadi linapozama. Usiku una neno lake, kucha. Mtu anayeijua lugha yake vizuri ana haki ya kuzibana dozi zote tatu kati ya alfajiri na magharibi. Kwa dawa zinazoambatana na milo huenda isiwe neno. Kwa inayotakiwa kugawanywa sawa ndani ya saa 24, usiku mzima unabaki bila dozi.

Wa nne ni saa ya simu. Mama alitega 14:00 na 02:00 bila kukosea, maana mjukuu alimwonyesha. Wengine darasani walipojaribu kutega “saa nane” walitega 8:00, ambayo ni saa mbili.

Somo lilivyopangwa upya

Mtaala wa awali ulikuwa na somo la dawa: ukurasa mmoja wenye picha ya chupa, maneno sita ya kusoma, na swali la kuzidisha chini. Mwalimu aliliweka kando akapanga vipindi vinne, akianzia kwenye tendo na kurudi nyuma kwenye herufi. Wazo la kuchota maneno ya kufundishia kutoka maisha ya watu si geni. Mwelimishaji Paulo Freire alilitumia Angicos, Brazili, mwaka 1963, kwa kozi ya saa 40 na wafanyakazi wapatao 300. Tofauti ndogo hapa ni kwamba mwalimu wetu hakuanza na neno, alianza na mkono.

Kipindi cha kwanza hakikuwa na kusoma kabisa. Kila meza ya watu wanne ilipewa vifungo 30 vya shati na vibao vitano vya karatasi, kila kimoja kikiwa siku. Mwalimu alisema kwa mdomo: “Viwili, mara tatu kwa siku, siku tano. Vipangeni.” Meza mbili zilipata mafungu matatu ya viwili kwenye kila kibao. Meza moja iliweka sita kwa rundo moja. Moja iliishiwa vifungo mapema na kuanza kugombana. Hakusahihisha, aliwatuma watembelee meza za wenzao kwa dakika kumi, wakarudi na kujirekebisha wenyewe. Sita ya kijana ilipatikana hapo: ni jumla ya kibao kimoja, na 30 ni jumla ya vibao vyote. Kutoka hapo kuandika 2 x 3 = 6 na 6 x 5 = 30 ubaoni kulichukua dakika tano, kwa sababu kila alama ilikuwa tayari na kitu chake mezani.

Vifungo, vijiwe, mbegu kavu, chochote kinafaa isipokuwa vidonge halisi. Kidonge kikiingia darasani kitatoka kwenye kona ya leso ya mtu.

Kipindi cha pili kilikuwa cha maneno: kidonge, vidonge, mara, siku, kabla, baada, tikisa. Neno “dawa” lenyewe ni jepesi mno, lina silabi mbili ambazo kila mtu anazijua. “Kidonge” ndilo lenye kazi, kwa sababu ya nge na kwa sababu ya ki- inayogeuka vi-. Na hapo mwalimu akapata kipimo ambacho hakikuwa kwenye mwongozo wowote. Aliwaandikia 2 x 3, siku 5, akawaomba waisome kama sentensi kamili. Anayesema “mbili, tatu, tano” bado anasoma tarakimu. Anayesema “vidonge viwili, mara tatu, siku tano” amekwisha ipa kila namba mwenyewe. Ngeli inamfichua: hawezi kutamka “viwili” bila kujua kwamba ile 2 ni ya vidonge. Ni kipimo cha sekunde kumi kwa mtu mmoja, hakihitaji karatasi, na hakimdhalilishi mtu.

Kipindi cha tatu ndicho kilichokula muda kuliko kilivyopangiwa. Kilihusu saa. Kila meza ilitengeneza utepe wa karatasi wenye urefu wa sentimita 72, ukagawanywa vyumba 24 vya sentimita 3, vya usiku vikapakwa wino. Ncha mbili ziliunganishwa kwa gundi zikawa duara, ili saa za usiku ziungane na za alfajiri. Kazi ilikuwa kuweka kifungo saa 12 asubuhi, kisha kuruka vyumba 8, kuweka kingine, na kuendelea mpaka urudi ulipoanzia.

Karibu kila mtu alikosea kwa namna ileile. Walihesabu mahali pa kuanzia kuwa moja: kumi na mbili ni moja, saa moja ni mbili, saa mbili ni tatu, na ya nane ikaangukia saa 7. Vifungo vikapotea njia na duara halikufunga. Sababu ilikuwa ya utepe wenyewe: saa zilikuwa zimeandikwa ndani ya vyumba, na chumba kinaalika kuhesabiwa. Zilipoandikwa upya juu ya mistari, na kidole kikatakiwa kuruka kutoka mstari hadi mstari huku mtu akihesabu miruko, kosa liliisha kwa wengi. Saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku, halafu saa 12 asubuhi tena. Mama alipoona kifungo cha pili kimetua saa 8 mchana alicheka: moja ya saa zake mbili ilikuwa sahihi kwa bahati.

Anayejenga utepe huu asisahau kuuliza: kwa nini vifungo ni vitatu? Ndipo 24 gawanya kwa 8 inapopata maana, na wanaona kwamba “mara 3” na “kila masaa 8” ni kauli moja iliyosemwa mara mbili. Mtu anayejua hilo ana njia ya kujihakiki. Mama angeona vifungo viwili tu kwenye duara na bahasha inasema tatu.

Saa ya simu ilifuata. Kanuni ya kuongeza au kupunguza sita inaeleweka kwa aliyeizoea na inawachanganya wengine, hasa simu inapoonyesha 22:00. Iliyofaa zaidi ni kuandika wakati wa simu upande wa ndani wa utepe uleule: chini ya saa 12 asubuhi 06:00, chini ya saa 8 mchana 14:00, chini ya saa 4 usiku 22:00. Mtu anatafuta saa yake nje, anasoma ya simu ndani, anatega kengele tatu. Kwa saa ya mishale kuna mkato mwingine: namba ambayo mshale mfupi unaielekea si saa yetu, saa yetu iko ng’ambo ya pili ya duara.

Kipindi cha nne kilikuwa cha mdomo. Wanakisomo wengi wakiulizwa kwenye dirisha la dawa “umeelewa?” hujibu “ndiyo” hata kabla swali halijaisha, kwa kuwa “hapana” inafungua aibu waliyoikwepa miaka mingi. Kwa hiyo hawakufundishwa kuuliza “sijaelewa”. Walifundishwa kusema: “Naomba nikurudishie, unisikilize kama niko sawa.” Kisha mtu anasema vingapi kwa mara moja, cha kwanza saa ngapi, kinachofuata saa ngapi, mwisho siku gani, na anauliza afanye nini akisahau dozi moja. Waliigiza wawili wawili, mmoja mtoa dawa mwenye haraka, mwingine mgonjwa. Mwalimu alisisitiza pia kuhesabu vidonge kabla ya kuondoka: 2 x 3 x 5 isipotoka 30, kuna kitu cha kuuliza pale pale.

Vilivyokwama

Dawa ya maji ilitakiwa iguswe na haikukaa sawa. Wanakisomo walileta vijiko vya chai kutoka nyumbani, wakamimina mililita 5 za maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vingine vilifurika, vingine havikujaa. Ndivyo ilivyo: watafiti nchini Ugiriki walipopima vijiko vya chai vya nyumbani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, walikuta vinabeba kati ya mililita 2.5 na 7.3. Somo la kijiko lilieleweka mara moja. Bomba ndilo lililokataa. Mabomba mengi ya mililita 5 yana mistari ya 0.2, hivyo dozi ya mililita 2.5 haina mstari wake. Inakaa katikati ya 2.4 na 2.6. Na nukta yenyewe ni hatari: watatu waliisoma 2.5 kuwa 25. Desimali haikuwa imefundishwa, na haiwezi kuchomekwa kwa robo saa. Mwalimu aliahirisha, akawaambia wamwombe mtoa dawa achore mstari kwa kalamu kwenye bomba. Tunaona alifanya vizuri. Stadi isiyokuwa tayari huzibwa kwa msaada salama, haivumiliwi nusu nusu.

Kizuizi kingine ni lebo za maumivu, zile za “ukihitaji”. Parasetamoli ya miligramu 500 kwa mtu mzima huandikwa kidonge 1 hadi 2 kwa mara moja, na si zaidi ya 8 ndani ya saa 24. Waliotoka kupanga vifungo 30 vya kumaliza waliichukua 8 nayo kuwa idadi ya kumaliza. Ukomo na lengo ni mambo mawili, na vinahitaji zoezi lake: utepe uleule, vifungo 8, lakini safari hii mtu anashinda kwa kubakiza.

Na kuna aliyepita vipindi vyote bila kosa kwa sababu alikuwa anakumbuka rangi za vifungo vya jirani. Changanya rangi.

Kipimo cha wiki tatu baadaye

Mwalimu alitaka kujua kama wamejifunza bahasha ile au wamejifunza kusoma bahasha. Aliandaa mpya: 1 x 2, kila saa 12, siku 7. Wote 16 walifaulu, vidonge 14, asubuhi na jioni, na alikuwa karibu kufunga mada. Kisha akagundua kwamba kipimo chake hakipimi kitu. Saa 12 asubuhi na saa 12 jioni ziko mbali kwa masaa 12 kamili. Anayeelewa wakati na anayeelewa muda wanafika mahali pamoja. Aliandika nyingine, 1 x 4, kila saa 6, siku 7. Anayeelewa muda anaweka vifungo vinne kwenye duara na vidonge 28 kwenye bahasha. Anayeelewa wakati anaweka viwili, saa 6 mchana na saa 6 usiku. Safari hii watatu waliweka viwili. Mama wa bahasha aliweka vinne, akahesabu miruko ya mwisho kwa kidole kurudi alipoanzia, akauliza kama akianza saa 1 badala ya saa 12 duara bado litafunga.